Msifikie kwa Shangazi

Kasokola, jioni ya kuamkia safari yenu

Deo mwanangu,

Mmetoka na mkeo kwenda kuaga kwa wazazi wake, na tangu mlipovuka geti sijatulia. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda kutazama kuku kana kwamba hawajawahi kuingia bandani bila mimi. Begi lenu liko koridoni. Nimelinyanyua kupima uzito, nikalirudisha. Joto limelala juu ya mabati. Mawingu yanajikusanya upande wa ziwani, yanatia giza, halafu yanatawanyika bila kudondosha tone, na kila yakitawanyika natoka tena nje kutazama, sijui natafuta nini. Mama yako amenichoka. "Kama una neno na mtoto, mwandikie," ameniambia. "Ukisubiri arudi umwambie kwa mdomo, utaanzia kwenye historia ya barabara ya Sumbawanga."

Amesema kweli, ndiyo maana naandika. Sitakueleza habari za kuwahi kazini, wala kuchemsha maji ya kunywa, wala kutowaamini mafundi wenzako na spana zako. Hayo unayajua, na usiyoyajua karakana itakufundisha haraka kuliko mimi. Nina jambo moja tu, na kwa sura ni dogo: ni zile siku chache mlizopanga kupumzika Sitalike, wewe na mkeo Skola, kabla wewe hujaanza kazi Sumbawanga na yeye hajaendelea hadi Mbeya chuoni. Naogopa kwamba leo mchana nimeziharibu.

Nikukumbushe ilivyokuwa. Tulikuwa tumemaliza kula. Ukasema umepiga hesabu upya, na fedha za harusi zilizobaki hazitoshi kulala gesti siku zote, kuingia hifadhini, na bado kubaki na akiba ya kupangia chumba. Halafu ukasema, kwa uso wa mtu aliyepata ufumbuzi, "Baba, si tufikie tu kwa Shangazi Vene, Mamba? Kule kulala bure, kula bure. Viboko tutawaona dirishani basi likipita Sitalike."

Skola alikuwa anakwangua ukoko kwenye sufuria ya wali. Aliendelea kukwangua, ingawa ukoko ulikuwa umeshakwisha.

Mimi nilimwona, Deo. Nilimwona, na bado nikafanya nilichofanya maisha yangu yote: nikisikia tatizo la mtu, mkono unakwenda wenyewe kwenye jawabu. Nikachukua simu. Kabla hujamaliza kunawa, Shangazi yako alikuwa anapiga vigelegele ndani ya sikio langu. Wewe ukacheka, nami nikacheka, tukaona tumeokoa fedha.

Mlipoondoka, mama yako alikuja na ungo wake wa mchele akakaa mbele yangu.

"Umewapangia," akasema.

"Nimewasaidia."

"Umewapangia. Begi bado liko koridoni, wewe umeshawafikisha Mamba."

Akaendelea kuchambua mchele. Hakuniambia zaidi, na hakuhitaji, kwa sababu kati yetu sisi wawili kuna safari moja ya zamani, na safari hiyo ilikwenda Sitalike. Huifahamu. Hatukuwahi kuwasimulia nyinyi watoto, kwa kuwa ukiisimulia harakaharaka inachekesha, na ukiisimulia polepole haichekeshi.

Nilikuwa bwana shamba kijana. Tulifunga ndoa baada ya mavuno, kama ninyi, na likizo yangu ilikuwa fupi. Wakati huo neno fungate huku kwetu lilikuwa la kwenye redio. Mtu akioa, siku ya pili yuko shambani. Lakini nilikuwa nimesoma chuo, nikajiona lazima nimpeleke mke wangu mahali. Nikamwambia tutakwenda Sitalike, tukae kando ya mto, tuone viboko, tupumzike. Mama yako alifurahi kuliko nilivyotarajia. Alishona gauni la kitenge kwa ajili ya safari hiyo, la rangi ya njano, lenye mifuko. Nilimuuliza mifuko ya nini. Akasema, "Ya kutia mikono nikiwa sina kazi."

Fedha zilikuwa kidogo, basi nikapanga kama ulivyopanga wewe. Sitalike aliishi Mzee Kalisti, baba mdogo wa mama yako, mwenye nyumba kubwa na moyo mkubwa. Nikaona hapa hakuna haja ya gesti. Tukapanda lori la mahindi, tukashukia kwa Mzee Kalisti.

Hapo ndipo lilipo kosa ambalo ni sisi tu tunaweza kulifanya, na mimi mwenye vyeti nililifanya macho wazi. Wewe hukukulia mila hizo kwa ukali wake, kwa hiyo nikueleze. Baba mdogo ni baba. Nyumba yake ni nyumba ya ukweni. Na ukweni, mwanangu, mkwe halali na mke wake chini ya paa la wazazi wa mke. Ni aibu ya kumtia mzee kitandani akiumwa. Kwa hiyo usiku wa kwanza wa mapumziko yetu, mama yako alilazwa na mabinti wa nyumba, na mimi nikalazwa kwenye kibanda cha vijana, kati ya vijana wawili wanaokoroma na baiskeli. Mama mdogo, kwa kuwa ni mama mkwe, hakuweza hata kunisalimia ana kwa ana. Alinikwepa kwa heshima zote. Akinikuta uani anageukia ukuta, chakula changu kinaletwa na mtoto. Nilikuwa mgeni wa heshima kubwa, na sikumwona mke wangu isipokuwa kwa mbali, akipita na ndoo.

Maana alikuwa kazini. Binti aliyeolewa akirudi nyumbani hakai kama mgeni. Alfajiri alikuwa anatwanga, mchana anapika, jioni anachota maji. Gauni la njano sikuliona tena.

Na mimi? Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, kwa sababu ingekuwa rahisi kuzitupia mila lawama zote. Siku ya pili Mzee Kalisti alimwambia jirani kwamba mkwe wake ni bwana shamba. Mwaka huo dumuzi alikuwa amezidi. Ni mdudu mdogo mweusi anayeingia ghalani na kuligeuza hindi kuwa unga kabla ya kinu. Saa tatu asubuhi akaja mzee mmoja na mahindi kwenye kikapu. Nikamweleza asihifadhi mahindi na magunzi yake, apukuchue kwanza, aanike, achanganye dawa. Akaja mwingine. Mchana uani palikuwa na watu wa kutosha kuanzisha tawi la ushirika. Na mimi, Deo, nilifurahi. Hilo ndilo la kusema ukweli. Hakuna aliyenishika mguu. Ningeweza kusema, "Wazee, samahani, nimekuja kupumzika na mke wangu, njooni ofisini." Lakini kuulizwa ni kutamu. Nilichora ghala kwa kijiti mavumbini, nikaeleza, nikarudia kueleza, na siku ya tatu nikatembelea maghala ya watu nyumba kwa nyumba.

Mama yako alinifuata mara moja. Nilikuwa nimezungukwa na watu, akaja akasimama pembeni akifuta mikono. Nikamuuliza, "Vipi, kuna tatizo?" Akasema, "Hapana, nilikuwa napita." Nikaendelea na dumuzi.

Likizo ikaisha. Tulirudi na kuku watatu, gunia la mahindi na sifa. Kwenye lori dereva alimpa mama yako nafasi mbele, mimi nikapanda nyuma na wale kuku. Viboko tuliwasikia. Usiku ukiwa umetulia unawasikia wakikoroma mtoni. Hata hivyo kule kibandani nilidhani ni wale vijana.

Sasa ndiyo sehemu isiyochekesha.

Miaka mingi ilipita. Bibi yako, mama yangu, alikuwa ameshazikwa, na wewe ulikuwa shule ya bweni. Tulikuwa uani, mama yako na mimi, tunapukuchua mahindi, nikamtania kuhusu fungate yetu ya Sitalike. Akacheka. Halafu akaacha kupukuchua.

"Unajua mwenzio nilikwenda na ombi?" akasema.

"Ombi gani?"

"Nilitaka kukuomba mwaka mmoja. Tukae wawili mwaka mmoja kabla hujamleta mama."

Unajua kwamba bibi yako aliishi nasi. Umekua ukidhani alikuwepo tangu mwanzo, kama ukuta wa nyumba. Nilikuwa nimeamua mwenyewe, hata kabla ya harusi, kwamba mama hatabaki peke yake nyumbani kwake Mamba; nikamwambia mama yako kama mtu anavyotangaza saa ya ibada. Mwezi mmoja baada ya Sitalike, mama akahamia kwetu. Usinielewe vibaya: bibi yako alikuwa mtu mwema, alikubeba mgongoni, Kipimbwe chote unachozungumza ulikipata kwake. Mama yako alimuuguza hadi mwisho, na alimlilia kwa dhati. Lakini mke wangu alitaka mwaka mmoja wa kunijua, na hakuupata.

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini hukuniomba?"

Akanitazama, si kwa hasira. Akauliza kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Ningekuomba wapi?"

Nimelibeba swali hilo tangu siku ile. Ningekuomba wapi. Nyumbani tulipoanzia palikuwa na wadogo zangu, chumba cha pili. Sitalike yeye alikuwa na mabinti, mimi kibandani; kwenye lori yeye mbele, mimi nyuma. Na ombi la namna hiyo halisemwi njiani mtu akiwa na ndoo kichwani. Linahitaji mahali, na muda wa kukaa bila kusema kitu hadi lenyewe litoke. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba ningelikubali. Ningemwambia sawa, bila hata kubishana. Mke hakuwa mwoga, wala mume hakuwa mkaidi. Tulikosa ukingo wa mto na saa moja.

Sasa niwatazame ninyi. Tangu harusi mnalala kwetu, kwenye nyumba isiyo na dari, na unajua mwenyewe sauti zinavyopita juu ya kuta. Sisemi kwamba nasikiliza. Nasema nyumba inasikia. Nimewasikia mkiongea habari za chaja na soksi na nani kazima taa. Nimewasikia mkicheka hadi mkajiziba midomo, na hilo lilinifurahisha. Lakini nimewasikia pia mkinyamaza, pale hasa ambapo mazungumzo yenyewe yangeanza. Skola anakwenda Mbeya kusomea uuguzi. Likizo zake zitakuwa za nani? Mtoto aje sasa au asubiri? Akimaliza, atakufuata Sumbawanga, au utamfuata atakakopangiwa? Anataka nini huyu binti, Deo? Unajua? Mimi najua tu kwamba leo ulipotaja Mamba alikwangua sufuria tupu.

Na unajua kinachomsubiri Mamba. Bibi harusi mgeni haendi kwa shangazi wa mume kupumzika, anakwenda kutazamwa. Atapika, na watu wataonja wakiangaliana. Atachota maji, na kuna atakayehesabu ndoo zake. Usiku mtapewa chumba kizuri kabisa, na watoto watano wa Vene watalala sebuleni nyuma ya pazia. Wewe utatengeneza kila pikipiki ya kata nzima. Usiseme hutatengeneza. Wewe ni mwanangu; nimekuona unavyotembea mtu akikuambia injini yake inagoma.

Basi nikueleze kuhusu kusafiri kwa fedha kidogo, maana hilo nalijua. Kazi yangu imenilaza katika kila kijiji cha mkoa huu. Ukiwa na fedha kidogo unapunguza siku. Hupunguzi kuwa wawili. Kama fedha ni za kulala mara mbili, laleni mara mbili. Sitalike gesti zipo, za kawaida, kitanda na chandarua na ndoo ya maji. Mwambie mwenye nyumba mapema kwamba hamlali usiku mmoja, atashusha bei. Omba chumba cha nyuma, kwa sababu malori yanapita mbele usiku kucha. Kuleni wanapokula madereva. Hapo chakula ni kingi na hakilali. Nendeni siku za katikati ya wiki.

Kuhusu hifadhi, watu wengi hukosea hesabu kama ulivyokosea. Kinachokula fedha ni gari, kiingilio kwa sisi wananchi si mzigo. Ulizeni getini bei na namna ya kulipa, msiulize vijiweni. Ulizeni na pale gesti kama kuna wengine wanaotaka kuingia asubuhi, mchangie gari. Wakipatikana, ingieni asubuhi moja tu, inatosha. Wasipopatikana, msihuzunike wala msikope. Mto uko palepale. Wakati huu wa kiangazi maji yamepungua, na viboko wamebanana kwenye madimbwi kama viazi kwenye sufuria; utawaona hadi uchoke. Nendeni na mwenyeji anayewajua wanyama hao, wala msikae ukingoni jua likishazama, maana ndipo wanapotoka kula, na kiboko akiwa njiani haulizi. Msivae nguo za bluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda.

Kuna watu wanapanda ndege kutoka nchi ambazo hata majina siyajui waje kuwatazama wanyama hao. Sisi tuliozaliwa huku tunamjua kiboko kama mwizi wa mpunga, na hifadhi tumeipita mara nyingi tukiwa tumesinzia basini. Sijawahi kukaa nikamtazama kiboko akiwa hana kosa.

Fedha sikuongezei. Nilitaka. Mama yako amenikataza. "Ukiwaongezea hela," kasema, "utawaongezea na ratiba."

Nimefika hapa nikaona naandika maneno mazuri wakati Shangazi yako bado anawasubiri. Barua hii isingekuwa na maana. Ungeisoma, ungeona aibu, na bado mngeshukia Kibaoni na kutafuta gari la Mamba, kwa sababu nani amvunje moyo Shangazi Vene? Basi nimeweka kalamu, nikatoka nyuma ya banda la kuku ambako mtandao unashika, nikampigia.

Alipokea akicheka. "Kaka, umesahau nini tena? Jogoo nimeshamfunga mguu. Wanakwaya nimewaambia waje kumwona bibi harusi."

"Vene, watoto hawatafika."

Akaacha kucheka. Halafu: "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Wanakwenda Sitalike kupumzika."

"Kupumzika? Kwani wamelima wapi?"

Nikaanza kueleza. Nilikuwa nimefika kwenye umuhimu wa mazungumzo katika ndoa changa aliponikatiza. "Kaka, acha kunifundisha. Mi si mkulima wako. Niambie kitu kimoja tu. Ni yule binti kakataa?"

Unaelewa alichokuwa anauliza? Bibi harusi akipita karibu na ndugu wa mume bila kufika, jina hilo linamganda. Miaka kumi baadaye, akija msibani, wanawake watanong'onezana, ndiye huyo aliyepita. Ningeweza kusema ni fedha, ni basi, ni tarehe za chuo. Vene ananijua tangu tukichunga mbuzi wa baba. Angejua nadanganya, na angejijibu mwenyewe kwamba ni Skola.

"Ni mimi," nikasema. "Wao walitaka kuja. Deo ndiye aliyeomba. Mimi ndiye niliyewazuia."

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwangu kuna nini? Kuna kunguni?"

"Kuna watu, Vene."

"Ee! Siku hizi watu ni ugonjwa. Nyie wa mjini mna mambo."

Sikuwa na pa kwenda, basi nikamwambia. Nikamwambia habari ya wifi yake, safari ya Sitalike, na ule mwaka mmoja aliotaka kuomba. Nilitegemea atakasirika, maana nilikuwa nazungumza habari za mama yetu.

"Kaka," akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Mama naye hakutaka."

"Hakutaka nini?"

"Kuhama. Hakutaka kuja kwako. Alilia hapa kwangu usiku mzima. Alikuwa na shamba lake, jumuiya yake, wenzake wa kusali. Nikamwambia, mwambie kaka. Akasema hapana, mwanangu ameshapanga, nikikataa nitamwaibisha kwa mke wake."

Deo, nilikaa chini palepale, kwenye vumbi la kuku.

Wanawake wawili. Mmoja hakutaka kuja, mwingine hakutaka aje, na wote wawili walikubali kwa ajili yangu. Wakaishi jiko moja miaka yote ile wakiheshimiana, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayefurahi. Na katikati yao mimi, nikijipongeza kwa kupanga vizuri. Sijamwambia mama yako bado. Nitamwambia ninyi mkishaondoka. Sijui nitaanzaje.

Shangazi yako alivuta pumzi. "Haya," akasema. "Wapite. Ila wakifika Kibaoni wasinipigie simu, nitalia. Na wewe usinipigie hadi nikupigie mimi."

"Na wanakwaya?"

"Nitawaambia kaka yangu kachanganyikiwa."

"Watakuamini?"

"Watashangaa nilichelewa wapi kuona."

Akakata. Amekasirika, nakujulisha usije ukadhani mambo yamekwisha vizuri. Vene akinuna ananuna hadi mavuno. Lakini amenuna kwangu, na Skola hayumo. Hilo ndilo nililoweza kufanya.

Kwa hiyo hamna pa kufikia, mwanangu. Nimewaondolea kitanda cha bure, na sasa mnalazimika kulipia chenu. Ukiona uchungu wa fedha, nilaumu mimi. Sitakwambia mwongee nini, na sitaki kujua mtakachoongea. Jambo moja tu nakuomba, kwa kuwa umerithi mdomo wangu na mikono yangu. Mkiwa pale mtoni, Skola atanyamaza. Atanyamaza muda mrefu, na wewe utaanza kutafuta cha kumweleza: kiboko anavyopumua, injini ya ile pampu ng'ambo, chochote. Usimweleze. Kaa. Hata mchana mzima upite, kaa. Na akishasema, usikimbilie jawabu. Muulize tena, maana mara ya kwanza mtu husema nusu.

Basi linaondoka alfajiri. Sitakuja stendi kuwasindikiza, usinielewe vibaya. Nikija nitamwona mtu ninayemfahamu wa Usevya au Majimoto, nitaanza kuuliza anakwenda wapi, nitakumbuka kuna mbegu za alizeti nilizoahidi kumpelekea fulani, na kabla basi halijawashwa mtakuwa na kifurushi changu mapajani na mahali pa kukishusha. Mama yako ndiye atakayekuja. Yeye atawapungia mkono, basi.

Mimi nitawaaga hapa mlangoni, mikono mitupu. Ukiona nafungua mdomo, nipe mkono haraka uondoke.

Ni mimi baba yako, ambaye kwa mara ya kwanza sijui mtafikia wapi.